Mama Soketi na Magari Yake Matatu

"Asubuhi nzima kwenye gereji moja! Wewe unauza spana au umekwenda kuposa?"

Mama Soketi alikuwa amesimama uani na kikombe cha chai mkononi, maana kukaa alikuwa hajui. Mdogo wake, ambaye mafundi wote walimwita Polepole, alikuwa akifuta kioo cha gari kana kwamba anayesemwa ni mwingine.

"Dada, fundi akiwa chini ya gari humvuti mguu akulipe. Unangoja atoke."

"Na anajua unangoja, ndiyo maana hatoki!"

Mwanamke huyu alianza na gari moja, duka lenye magurudumu: soketi, bisibisi na jeki zimepangwa toka sakafuni hadi juu, na leseni ya kampuni ya vifaa iliyompa eneo lake peke yake. Kazi yenyewe huenda hivi: gari linapita gereji zile zile, siku ile ile, kila wiki. Fundi anachukua chombo leo, anakilipa kidogo kidogo, kikivunjika, anabadilishiwa. Kwa mdomo mkali na miguu myepesi aliuza mpaka kampuni ikamwongezea eneo la pili, kisha la tatu. Hapo ndipo raha ilipomtoka. Gari moja unaliendesha, matatu yanakuendesha wewe. Akawa mtu wa kupigia simu gari hili huku lile likimpigia. Mumewe akimwambia, "Mama watoto, hata kuku anayeatamia hutulia," humjibu, "Kuku hadaiwi na kampuni."

Na kampuni ilikuwa imeshaonya: makusanyo ya eneo la Polepole yanasuasua. Mwezi ukiisha hivyo hivyo, eneo lile atapewa mwingine.

"Basi nabadilisha," Mama Soketi akasema. "Jumatatu Risasi anakwenda kwako, wewe unakwenda kwake."

Risasi ndiye dereva wa gari la pili, kijana wa mwendo na maneno.

Polepole akaacha kufuta. "Dada, wale ni watu wangu."

"Watu wako? Gari la nani?"

"Gari lako. Watu wangu." Akaweka ufunguo juu ya boneti, akaenda zake kwake.

Jumatatu, jua halijafika utosini, Risasi akarudi amenywea.

"Bosi, wamegeuka kobe wote. Nikisema nimekuja badala yake, wanasema watalipa akirudi mwenyewe. Mmoja ameniuliza, 'Kwani mimi nilikopa kwa gari?'"

"Huna mdomo wewe. Lete ufunguo."

Akaenda mwenyewe. Gereji ya kwanza ilikuwa imejaa kelele za nyundo. Alipozima injini, nyundo nazo zikazima. Akaona miguu tu ikichungulia chini ya magari, kichwa hakuna hata kimoja.

"Leseni ni yangu mimi!" akapaza sauti.

"Hongera, mama," sauti ikamjibu toka chini ya lori.

Akazunguka gereji nyingine, na nyingine, akirudi garini kila mara na mikono mitupu. Mwisho usukani ukampeleka kwa mdogo wake. Alimkuta anagongea mguu wa kiti. Kuomba radhi hakujifunza. Akabaki mlangoni akichezesha ufunguo.

"Panda twende."

"Wapi?"

"Usinitanie, mdogo wangu. Eneo linaondoka."

Polepole akagonga msumari wa mwisho, bila haraka. "Nitakwenda. Ila wewe ukae kiti cha abiria, na simu uizime."

Ile simu kuizima ilikuwa kama kung'olewa jino. Akaizima.

Siku ile Polepole hakumdai mtu hata mmoja. Alimuuliza huyu habari ya mgongo, akambadilishia yule spana iliyopasuka, akacheka mzaha ambao Mama Soketi hakuona unachekesha wapi. Mguu wa dada mtu ulitikisika mpaka gari likatikisika. Lakini wale miguu-bila-vichwa wakatoka mmoja mmoja wakifuta mikono, wakalipa, na wengine wakachukua vipya. Walipofika gereji ya mwisho, makusanyo yalitosha kuifunga kampuni mdomo.

Hapo akaja mzee mpiga rangi, akaegemea dirisha la upande wa Mama Soketi, akaanza kumsimulia Polepole jinsi mjukuu wake alivyoota jino. Alianzia kwenye homa. Mama Soketi akafungua mdomo, akaufunga. Jino likachukua muda wake kutoka.

Lilipotoka, mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti zenye madoa ya rangi: salio la koleo la zamani mno, deni ambalo Mama Soketi alikwisha kulihesabu limekufa. Upesi mwanamke akakinga kiganja.

Mzee akaupitisha mkono wake juu ya kile kiganja, karibu na pua ya Mama Soketi kabisa, akampa Polepole.

"Nilikopa kwako," akamwambia. "Sasa koleo ni langu."

"Ni lako, mzee," Mama Soketi akasema, akarudisha mkono wake mapajani.