Nani Aliiba Ng'ombe Wale

Yaani siku ile tulicheka! Tulikuwa hapa kwangu Kansay, tunapiga mbaazi kwa fimbo zitoke kwenye maganda. Mjukuu wangu wa kike, anayesoma historia chuo kikuu, alikuja likizo na wenzake wawili: binti wa uhasibu, na kijana wa Kimasai wa kule Wasso anayesomea ualimu. Wote nikawapa fimbo. Kwangu mgeni hakai bure.

Mjukuu alikuwa ameshaniambia harudi tena chuo. Anataka kozi fupi ya utalii pale Karatu mjini, aongoze wazungu. Mimi niliyeishia darasa la pili nimwambie nini? Nikawageukia wenzake.

"Hebu niambieni, huko chuo mnafuata nini?"

"Ajira, bibi!" yule wa uhasibu akajibu hata sijamaliza.

"Mimi nataka nijue kusimama mbele za watu," kijana akasema. "Na ajira pia, koko, nisikudanganye." Koko ndiyo bibi kwa Kimasai.

Binti akamchokoza mjukuu wangu. "Sasa wewe historia ya nini? Si bibi yako anaisimulia bure hapa?"

Mjukuu akainamia fimbo yake. Anapiga mbaazi kama zimemkosea.

Nikaona nimchangamshe. Nikaanza habari za nyumba zetu Wairaqw za zamani, zilizochimbwa ndani ya kilima, paa limelingana na ardhi, ili Wamasai wakija kuiba ng'ombe wapite juu wasiwaone.

Kijana akatupa fimbo. "Koko, ngoja! Babu yangu anasema ng'ombe hao walikuwa wetu. Nyie ndio mliiba, mkaenda kuwaficha!"

"Mwongo huyo babu yako! Mpigie simu!"

Akampigia kweli, akaweka sauti kubwa, akawa anatutafsiria. Tuligombana na mzee yule huku tunacheka mpaka mbavu zinauma. Mara namwona mjukuu kasogea, anaturekodi kwa simu yake, maswali juu ya maswali: wewe nani alikuambia? Ilikuwa kabla ya njaa ipi? Mbaazi kazisahau kabisa.

"Haya, nani aliiba?" yule wa uhasibu akauliza.

"Sijui!" mjukuu akasema, uso unang'aa. "Na kwenye kozi ya utalii hawatanifundisha namna ya kujua. Mimi chuo nafuata hiki, nyie. Ajira nitaitafuta."

"Kwa hiyo unarudi?" nikamuuliza.

"Narudi, bibi. Ila msimkatie babu simu, sijamaliza naye."