Kundi la Pili la Severa

Ikifika katikati ya Desemba, Wachaga wa Kariakoo huulizana swali moja tu: "Unapanda lini?" Hakuna anayeuliza kama unapanda. Kupanda ni kwenda nyumbani Kilimanjaro kula Krismasi, na mtu mwenye akili timamu haulizwi kama anazo. Severa naye kila mwaka alijibu kama wenzake: "Ishirini na mbili, Mungu akipenda." Siku hiyo ikifika alifunga duka lake la zipu, vifungo na nyuzi, akaaga majirani, akapita na begi katikati ya mtaa ili aonekane vizuri. Kisha akazungukia nyuma hadi Mchafukoge, akaingia kwenye fleti yake, akavuta mapazia. Humo ndimo alimokula Krismasi zake zote ila moja tangu mumewe Onesphory azikwe nyumbani Kibosho.

Hakuna aliyemfukuza huko nyumbani, na hilo ndilo lililomshinda kulieleza. Mwaka wa kwanza wa ujane alikwenda. Wakampokea vizuri, wakamkatia nyama, wakammiminia pombe ya mbege, halafu kila mtu akarudi kwa wake. Yeye akabaki dirishani, akiangalia migomba na kaburi. Alirudi mjini kabla ya mwaka mpya, na hakukanyaga tena. Mwanawe Allen, aliyeko Kanada, huambiwa kila Krismasi kwamba mtandao wa kijijini ni mbovu, picha hazipiti.

Mwanamke huyu, akiwa na miaka yake hamsini na ushei, alijiandikisha chuo kusoma saikolojia wikiendi. Aliwaambia watu anataka kuwa mshauri nasaha. Ukweli ni kwamba alitaka mahali pa kwenda Jumamosi.

Yote aliyamudu mpaka lilipokuja somo la takwimu. Mwalimu wake, Anuari, kijana wa kumzaa kabisa, alimwamkia shikamoo mbele ya darasa zima, akaitikiwa marahaba, kisha akawageukia wote na fomula zisizo na huruma.

"Mnaanza kwa kudhani hakuna tofauti kati ya makundi mawili," alisema. "Hiyo ndiyo dhana sifuri. Hamuitupi kwa sababu hamuipendi. Mnaitupa pale data zinapowalazimisha."

Vijana waliguna. Severa alielewa upesi, maana dhana sifuri ilikuwa inaingia dukani kwake kila siku. Ni yule mteja anayeshika zipu mbili na kusema, "Hizi si zilezile tu, mama?" Humgombezi. Unatoa kadhaa za kila aina, unazivuta mbele yake moja baada ya nyingine, mpaka aone za aina gani zinakwama. Ukimvutia moja tu, atasema imetokea kwa bahati.

Basi akachagua mada ya utafiti: je, wafanyabiashara wanaokwenda nyumbani Krismasi wana upweke mdogo kuliko wanaobaki mjini? Anuari aliipenda. Hakuambiwa kwamba mama huyu alikuwa ameweka nadhiri. Takwimu zikionyesha tofauti, mwaka huu angepanda kweli, hata kama ni kwenda kukaa dirishani. Zisipoonyesha, angeacha kujilaumu. Alikuwa amechoka kujiamulia peke yake. Alitaka hesabu imwamulie.

Kundi la kwanza, la wanaokwenda, lilijaa chapuchapu. La pili lilimtoa jasho. "Nibaki? Nibaki nikifanya nini?" ndilo jibu alilopewa duka hadi duka. Polycarp, muuza mabegi wa duka la mkabala, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada Severa, mtu wa kubaki Krismasi utampata wapi? Labda mgonjwa!"

Akachukua dodoso, ile karatasi ya maswali, akaweka alama kwenye "nakwenda". Palipoandikwa "Najisikia mpweke" akajaza "kamwe". Palipoandikwa "Nina mtu wa kumwambia yaliyo moyoni" akajaza "siku zote". Hakusoma hata swali moja mpaka mwisho.

Severa alirudi kwa Anuari na kundi la pili lenye dodoso moja.

"Huyu mmoja ni nani?"

"Yupo tu, mwalimu."

"Mama, mtu mmoja si kundi. Hatuwezi kujua majibu yanatawanyika vipi, hatuwezi kulinganisha chochote. Tafuta wengine, au ubadilishe mada. Ukibadilisha, mwaka huu humalizi."

Kijana alikuwa anasema mambo ya hesabu, hakuwa na kosa. Lakini Severa alishuka ngazi za chuo, akaingia chooni, akalia kwa sauti. Mtu mmoja si kundi. Alikuwa akilijua hilo miaka yote, ila hakuwahi kuambiwa.

Krismasi ikafika bila jibu la kumwambia aende, basi akajificha kama kawaida. Siku ya pili yake alikuwa ameshachoka na mkate na maharage. Akajitanda khanga mpaka usoni, akasubiri sauti za majirani zitulie, akashuka kwenda Feri kununua samaki. Mitaa aliyoipita ilikuwa makufuli matupu. Feri, alijiambia, hatakutana na Mchaga hata mmoja.

Alipofika kwa wakaanga samaki akamkuta Polycarp, amesimama peke yake, anangojea changu mmoja aive.

"Dada Severa! Si ulipanda wewe?"

"Na wewe je?"

"Kuna mzigo umekwama bandarini," alisema Polycarp. "Napanda kesho."

Severa alikuwa na uongo wake tayari, mzuri kuliko huo. Lakini aliukinai ghafla.

"Mimi sipandi," alisema. "Tangu tumzike baba Allen nilipanda mara moja tu. Nafunga mapazia nakaa ndani, nawadanganya wote."

Polycarp aliinamisha macho. Mkaangaji akamfungia samaki wake kwenye gazeti. "Haya dada," alisema Polycarp. "Mimi napanda kesho." Akaondoka mbiombio, hata chenji akaisahau.

Severa alirudi na aibu yake. Mezani aliyafunua madodoso. Angeweza kulitoa la Polycarp kundi la kwanza na kulipeleka la pili, na hakuna ambaye angejua. Lakini jibu lilikuwa la Polycarp, si lake. Na wengine? Wangapi humo walimjibu vile ambavyo yeye mwenyewe angewajibu? Akalitafuta dodoso lake. Kwenye upweke alikuwa amejaza "mara chache". Akalikata jibu hilo, akaandika "kila siku".

Januari maduka yalifunguliwa. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, baridi tu!" Polycarp alisimama barazani akiwasimulia watu kwamba mwaka huu mbege ilikuwa imekolea. Severa alimsikia kutoka upande wa pili wa barabara. Hakumuumbua, akaendelea kupanga vifungo.

Wiki hiyohiyo, asubuhi moja kabla majirani hawajafungua, Polycarp alivuka barabara.

"Ile karatasi," alisema bila kumtazama. "Unayo nyingine?"

Severa alimpa. Safari hii Polycarp alisoma kila swali, kidole chini ya maneno. Aliweka alama kwenye "nabaki". "Mke wangu aliondoka na watoto," alisema taratibu. "Kule nyumbani hawajui. Nikienda wataniuliza wako wapi." Severa aliitikia kwa kichwa. Anuari angesema wawili nao bado si kundi. Na aseme.

Kalamu ilisimama kwenye lile swali la mtu wa kumwambia yaliyo moyoni.

"Hili nijibu vipi, dada? Kabla ya leo, au pamoja na leo?"

Mtafiti haruhusiwi kumsaidia mtu kujibu. Severa alilijua hilo vizuri.

"Jaza ya kabla ya leo," alisema. "Ya baada ya leo tutaipima Krismasi ijayo."