Vichanja Vitupu vya Wiki ya Mwezi

Mwezi ukijaa, hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna ndagala, dagaa wetu. Taa za wavuvi hazifui dafu mbele ya mwanga ule, samaki hutawanyika ziwani kote, na mitumbwi hulala mchangani mpaka giza lirudi. Wanaume hushona nyavu na kubishana mpira. Sisi wanawake tunaoanika ndagala tunabaki na vichanja vitupu. Wenzangu huiita wiki ya njaa. Mimi naipenda kuliko sikukuu, na nalisema hilo bila haya.

Naipenda kwa sababu wiki hiyo kichwa changu ni changu. Nilianza kwa kuanika chochote kilichopita mbele yangu: nyanya, majani ya muhogo, hata maganda ya ndizi. Baadaye nikapata pipa kuukuu, nikalikata, nikatandaza waya juu yake, nikawa navitia vitu moshi kwa makapi ya mawese, zile nyuzi zinazobaki mashine ikishakamua mafuta, ambazo hapa kwetu ni marundo kila kona. Nikatia moshi viazi vitamu. Nikatia mayai. Nikatia maparachichi, na Mungu anisamehe kwa yale maparachichi, maana hata mbuzi wa jirani aliyanusa akaondoka zake. Nilikuwa natafuta nini? Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka kuona tu.

Sasa, mwenyekiti wa kikundi chetu ni mama mkwe wangu. Angekuwa mtu mwingine ningemjibu, kwani ulimi ninao, nimerudi nao kutoka Tanzania nilikokulia, tena umenolewa vizuri. Lakini mama mkwe hajibiwi. Unainamisha kichwa, unasema "ndiyo, mama," kisha unakwenda kuumalizia ugali hasira zako. Yeye alikuwa akiwaambia wenzetu kwamba mkamwana wake anacheza kama mtoto aliyepewa sufuria. Mfanyabiashara mmoja wa muhogo alipokuja kutaka kuvikodi vichanja vyetu kila wiki ya mwezi, mama mkwe aliona mbingu zimefunguka.

Niliwaomba waniachie kichanja kimoja na pipa langu. Mama mkwe akaniuliza mbele ya wote, "Hii kazi yako iko na faida gani?" Nikainamisha kichwa. Wakasema tutaamua kikao kijacho, lakini nilijua wiki yangu imekwenda na maji. Niliumia, jamani. Nililia kama mtu aliyefiwa, kwa ajili ya pipa.

Kabla ya kikao ikaja mvua. Giza lilikuwa limesharudi, mitumbwi ikaingia asubuhi imejaa mpaka pomoni, nasi tukanunua kwa pupa kama kawaida yetu. Vichanja vilipokwisha kujaa, mbingu zikafunguka kweli, na hiyo haikuwa mvua ya kupita. Ilikuja na mkeka wake. Ndagala wabichi hawasubiri mtu. Jioni wameanza kulegea, kesho wana funza, na hapo ni chakula cha kuku. Abiria walioteremka kutoka upande wa Gitaza walisema huko watu wanawarudisha ndagala ziwani kwa makarai. Mama mkwe alikaa juu ya ndoo chini ya bati la kibanda chetu, kitenge kichwani, kimya. Sikuwa nimewahi kumwona yule mama kimya. Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kwamba nimemkasirikia.

Nikawaambia wenzangu tuingize waya kibandani, tutafute mapipa, tulete makapi. Wakanifuata kwa sababu hawakuwa na lingine la kufanya. Na pale ndipo nilipogundua kwamba kumbe najua. Makapi makavu huwaka na kupika badala ya kukausha, hilo nililijua kutokana na mayai yaliyonipasukia. Makapi yaliyolowa hutoa moshi mweusi, mchungu, na hilo nilifundishwa na maparachichi. Lakini ukiyapata yenye unyevu kidogo, ukayafunika kwa jani la mgomba, moshi huja mwepesi, wa manjano, unakausha taratibu. Hayo niliyapata kwa viazi nilivyovisahau juu ya pipa nikaenda zangu sokoni. Hakuna hata kimoja nilichokuwa nimekifanya kwa ajili ya ndagala.

Tulikesha na kushinda hapo, macho yametuvimba, makamasi yanatutoka. Ndagala wakatoka wakavu, rangi ya maandazi. Mvua ilipokatika, wanunuzi wa Bujumbura wakaonja, wakatazamana, wakaonja tena. Nilivimba kichwa, sikatai. Nilipita sokoni nikitembea katikati ya njia.

Kikao kilipofika, mtu wa muhogo aliambiwa murakoze, yaani asante, aende salama. Nikadhani nimeshinda. Lakini siku hiyo alikuwapo bwana mmoja wa mradi wa samaki kutoka Bujumbura, aliyesikia habari za ndagala wetu, na yeye akasema kuanzia sasa wiki ya mwezi iwe ya kupimia moshi tu: makapi kiasi gani, muda gani, ili giza likirudi samaki wawe na rangi moja. Si kazi mbaya, na lazima mtu aifanye. Mama mkwe alifurahi, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mwanangu," akasema, "mtafutaji hachoki, akichoka keshapata. Wewe umepata. Sasa choka."

Watu wakacheka. Mimi, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nikamjibu.

"Mama, moshi niliupata kwa sababu sikuwa nautafuta. Mkinifunga hapo kwenye moshi, hicho kingine nitakipata wapi?"

"Kingine kipi?"

"Sijui, mama."

Bwana wa mradi, ambaye si mtu mbaya, aliniambia pembeni kwamba hata chuoni alikosoma, walimu wake waligombea wiki kama hiyo, isiyo na kazi ya kupangiwa, wala hawakupewa. Mama mkwe akafunga kikao bila kuamua lolote, akaondoka bila kuniaga.

Siku zile nilizunguka nyumbani kama mwizi. Niliamini nimepoteza vyote viwili, wiki yangu na mama mkwe.

Mwezi ukajaa. Asubuhi nilikwenda kibandani nikijua nitaambiwa la kufanya. Nikakuta pipa langu linatoa moshi. Mama mkwe alikuwa ameinama juu yake, kitenge kakifunga kiunoni, anatandaza chumvi juu ya jani la mgomba. Chumvi ya kawaida, ya dukani.

Nikamwamkia. Nikasubiri. Mwisho nikashindwa kuvumilia.

"Mama, unatafuta nini?"

Akageuka, macho mekundu, amekasirika kweli.

"Najua mimi? Sogea huko, unanizibia upepo."

Nikasogea.