Maporomoko ya Mirihi

Kazini walimwita Dada Ramani, kwa sababu katika idara ya jiolojia hakuna aliyechora miteremko kama yeye. Siku moja mkuu wa idara alimwekea mezani picha mbili, akamtania, "Leo nakupandisha cheo. Unachora sayari nyingine."

Ya kwanza ilikuwa picha ya bonde la Mirihi, ambako ukingo wa mlima ulikatika zamani za kale, ukamwaga ulimi mpana wa udongo na mawe. Ya pili ilikuwa kilima cha huku kwetu, kilichokatika vivyo hivyo. Alitakiwa ayalinganishe maporomoko hayo.

Mkuu hakujua kwamba chini ya ulimi ule wa pili alikuwamo mdogo wake Dada Ramani, pamoja na mume wa huyo mdogo, na nyumba yao. Hawajapatikana hadi leo. Dada Ramani hakumwambia. Alijikaza, akaanza.

Kilima alikimaliza haraka, hakutaka kukitazama mara mbili. Mirihi ndiyo iliyomshika. Mikunjo ilikuwa ileile, kingo zimevimba vilevile, na pale ulimi ulipopindia kushoto alijikuta anaikuza picha kwenye kompyuta, anaikuza tena, akitafuta bati la buluu la paa la mdogo wake. Alijua ni upuuzi. Lakini kila asubuhi, hata koti hajavua, alianzia hapo. Kuna siku aliona kivuli cha pembe nne, akakikuza. Lilikuwa jiwe.

Mama yake alimpitia ofisini waende kliniki, akasimama nyuma ya kiti.

"Hapo ndipo kwa mdogo wako?"

"Hapana, mama. Hiyo ni Mirihi, sayari nyingine."

"Mbona ni palepale?"

"Milima ndivyo inavyoanguka, mama. Huko na huku."

"Huko kulikuwa na watu?"

"Hakujawahi kuwa na mtu."

Mama alisogeza uso karibu na picha. "Sasa mlima huo uliangukia nani?"

Dada Ramani alizima kompyuta, wakaenda kliniki. Kesho yake alimweleza mkuu yote. Mkuu alitaka kumpa mwingine kazi ile. Yeye akakataa, akaomba gari tu.

Akaenda kilimani na mama yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maporomoko. Nyasi zilikuwa zimeota. Alimwonyesha kwa kidole pale udongo ulipopindia. Mama akasogea hadi hapo, akaita jina la binti yake mara moja tu, kwa sauti ya kumwita mtu aje ale. Wakasubiri. Wote wawili, kweli kabisa, walisubiri.

Ramani ilisifiwa, ikatundikwa kwenye korido kuu. Dada Ramani huingia ofisini kwa mlango wa nyuma, asipite hapo.