Siku Tuliyotoka Shimo la Menengai

Sisi tuliolelewa kwenye nyumba za reli pale Nakuru, miaka ile ya hamsini, redio zilikuwa za kuhesabu lakini hadithi zilikuwa tele. Nakumbuka moja zaidi ya zote. Mtu aliingia shimo la Menengai, lile la volkeno mlimani juu ya mji, kutafuta mbuzi wake, akakaa humo kama robo saa, akatoka akakuta miaka arobaini imepita. Mama akiisimulia, yule mtu alikuta wageni nyumbani kwake na mkewe alishazikwa zamani, nasi tulilia mpaka makamasi. Baba, fundi wa reli, alituharibia kilio chote. Kwake yeye, mtu huyo alimkuta mwanawe ana mvi na kitambi, akatafuta fimbo amchape kwa kutokwenda shule.

Jumamosi moja mimi na dada yangu mdogo, Nafula, tukaamua kwenda kujionea wenyewe. Tulipanda tangu asubuhi, mahindi ya kuchoma mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tulichungulia lile shimo, tukateremka hatua chache tu, ukungu ukatanda, tukatimua mbio kurudi.

Nyumbani mlango ulifunguliwa na mwanamke tusiyemjua. Vitanda vyetu havipo. Pazia si letu. Nafula akaketi chini palepale. "Mama amekufa," akasema. Mimi nikajikaza nikauliza, "Tafadhali, huu ni mwaka gani?"

"Hawa ni watoto wa nani? Wamepigwa na jua?" akasema yule mwanamke.

Kumbe baba alikuwa amepandishwa cheo, akapewa nyumba ya vyumba viwili safu ya nyuma. Funguo zilitoka asubuhi ileile, na familia nyingine ikaingia kwetu mara moja. Mama akatokea amebeba sufuria zake za mwisho. "Watu wanahama, nyinyi mnatembea! Shikeni hizi." Sijawahi kufurahia kugombezwa namna ile. Nafula alimng'ang'ania mguu hadi sufuria zikaanguka, na baba alicheka wiki nzima.

Siku hizi hadithi kama hiyo haiwezi hata kuanza. Mjukuu wangu angetoa simu amuulize mama yake, "Mathe, mmehamia wapi?" kisha arudi kwenye michezo yake. Sisi tulizeeka miaka arobaini kwa dakika tano, tena bure. Mpaka leo nawasimulia wajukuu, nao hucheka wakishika mbavu. Mimi pia nacheka nao, mpaka nifike pale mama anapotokea na sufuria. Hapo mimi humwachia Nafula animalizie.