Gari la Deraya Kiganjani, Siku ya Kumsalimia Nyanya

Chekeni tu, maana hata mimi nikiliona lile koti kabatini nafunga mlango haraka kwa aibu, lakini acheni nieleze vile ilikuwa kabla Mwakio hajawapa hadithi yake iliyojaa chumvi.

Mnajua mimi nauza misumari na rangi pale Voi, na Jumamosi mimi na rafiki yangu Mwakio tunapigana vita vya Salaita juu ya meza (si vya ngumi, vile vya zamani vya Waingereza na Wajerumani, na kilima chenyewe ni kipande cha godoro kuukuu tulichokipaka udongo mwekundu). Magari ya deraya tunaunda wenyewe: unachukua kigari cha kuchezea, unakivalisha bati la mkebe wa mafuta ya kupikia, juu unabandika kifuniko cha dawa ya meno ndio kibanda cha bunduki, na mtutu unaukata kwenye mrija wa kalamu. Sasa Lilian, mchumba wangu, alikuwa ameniomba mambo mawili tu kuhusu siku ya kwenda kwao Mboghoni kujitambulisha. "Mwadime, tafadhali, hivyo vigari vyako usivitaje. Na Nyanya umsalimie vizuri, kwa sababu akikataa yeye hakuna mwingine atakubali. Mchumba wa dadangu alimsalimia akiwa ameketi, akarudi kwao bila chai na bila mke."

Asubuhi hiyo nimeshavaa koti, Baba Mdogo yuko nje kwenye gari anapiga honi, nikatupa jicho mezani nikaona deraya yangu mpya haina mtutu. Nikajiambia, ah, ni tone moja tu la gundi. (Shetani akitaka kukumaliza haji na pembe, anakuja na tone moja.) Nikaiweka kwenye kiganja cha kulia, nikaubandika mtutu, nikaminya supaglu mara ya pili ambayo haikuhitajika, chupa ikapasuka shingoni na kiganja kizima kikalowa. Nikapiga kelele. Mwakio, aliyekuwa amekuja kuniaga, akaingia mbio, na badala ya kufikiri kama binadamu akafikiri kama fundi wa vigari, maana sisi gundi ikizidi tunainyunyizia magadi yaliyosagwa na inageuka jiwe hapo hapo. Akanyunyiza. Jamani, mkono ulifuka moshi! Nikaruka nikilia kwa kuungua, na moshi ulipoisha deraya ilikuwa imeegeshwa kiganjani mwangu, mtutu unaelekea vidoleni, haitingishiki.

"Nilitaka ikauke," Mwakio akasema. Ilikuwa imekauka.

Honi ikalia tena. Nikatia mkono mfukoni, nikaingia garini, nikamnong'oneza Baba Mdogo shida yangu, naye akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kiwete. Tulipita Salaita, kilima ninachokipenda kuliko vyote duniani, na sikugeuza hata shingo, kwa sababu nilikuwa nimejaribu kuutoa ule mkono nikagundua hautoki. Kumbe juu ya deraya kulikuwa na gundi mbichi, ikaushika mfuko.

Nyanya alikuwa ameketi sebuleni na mama wawili wa kanisa lake. Akasimama kwa ajili yangu, mzee yule, akanyoosha mkono. Nami nikampa wa kushoto.

Lilian alifumba macho. Nyanya aliuangalia ule mkono wangu bila kuugusa, na nilijua hapo hapo, kwa uchungu wa kweli, kwamba nimeshampoteza Lilian.

"Umuwie radhi, Mama," Baba Mdogo akadakia, "wa kulia umeteguka vibaya."

"Umeteguka? Na hakuna aliyeniambia?" Nyanya akabadilika sura kabisa. "Maskini! Njooni tumuombee."

Nikasema si lazima. Nani alinisikia? Wale mama wakanizunguka, mmoja ananishika kichwa, mwingine bega, Nyanya mwenyewe ameushika mkono wangu wa kulia juu ya kiwiko, na maombi yakapanda, yakapanda, yakafika mahali pa "Nyoosha mkono wako, kijana, nyoosha kwa imani!" na Nyanya akavuta.

Mfuko ulipasuka mwaaa! Mkono ukatoka na kitambaa kinaning'inia na mtutu umemlenga Nyanya kifuani. Mama mmoja akapaza sauti, "Yesu, ana bunduki!" akajificha nyuma ya kochi. Mimi nimeganda, mdomo wazi, nimeunyoosha tu ule mkono kama nilivyoamriwa.

"Hii ni nini?" Nyanya akauliza.

"Gari la deraya, Nyanya."

"La nani?"

"La Waingereza."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Lilian alitoka nje.

Nyanya akaagiza karai la maji ya moto na sabuni, akaketi, akauingiza mkono wangu humo na kuushika. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa, yeye akikwangua polepole kwa ukucha, mimi nikisimulia kila kitu, tone, magadi, uongo wa kuteguka, hata kilima cha godoro, maana nilikuwa sina tena cha kuokoa. Deraya ilipong'oka (na ngozi kidogo) Nyanya akamwita Lilian.

"Huyu mchukue," akasema. "Ameshindwa kuficha kigari na mfuko mzima anao. Wewe atakuficha nini?"

Basi ndio hivyo nilivyopata mke. Lakini nimeapa, siku ya safari sishiki gundi, na Mwakio haruhusiwi kunisaidia hata nikiwaka moto. Ile deraya Nyanya alikataa kuirudisha, iko juu ya televisheni yake mpaka leo, na kila nikienda Mboghoni ananingoja mlangoni mbele ya wageni wote, anatia mkono wa kulia mfukoni na kunipa wa kushoto.