Goti la Mdogo Wangu na Nyirinyiri ya Shangazi

Katika nyumba yetu ya Kiwanjani, mbio zote alipewa mdogo wangu. Mimi niliachiwa mkeka. Alipomaliza sekondari alienda Nairobi, klabu ikamwajiri kucheza raga, akawa winga, yule mtu wa pembeni anayepewa mpira na kuambiwa akimbie. Mimi nilimaliza shule hiyo hiyo nikarudi nyumbani, na bado niko.

Siku alipoumia nilikuwa namtazama kwa simu. Alikuwa anakaribia kufunga trai, bao la kutua na mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, jitu moja likamwangukia kwa upande. Hakushika goti. Alifunika uso, na hapo nikajua mambo ni mabaya. Kano zilikuwa zimekatika. Baada ya upasuaji kocha alimwambia wazi: ukirudi uwanjani kabla msimu haujaisha, tutazungumza mkataba mpya. Usiporudi, pole.

Akaletwa nyumbani apone. Mimi, mtaalamu wa kukaa, nikateuliwa kumsimamia mazoezi. Yeye anainua mguu, mimi nahesabu nikiwa nimelala.

"Bro, umeruka kumi na tatu."

"Nimechoka."

"Umechoka kuhesabu?"

Kisha wakaanza wageni. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa harudishi chakula. Shangazi alifika kutoka Korbesa na mtungi wa maziwa ya ngamia na kopo kubwa la nyirinyiri, nyama iliyokaangwa ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake. Akatoa salaam, akalikagua goti kama anayenunua ngamia.

"Daktari ameshona vizuri. Sasa nani ameweka mafuta?"

"Shangazi, kocha amekataza mafuta."

"Kwani kocha ndiye mama yako? Kula!"

Akala. Ukoo mzima ukasikia kwamba anakula, ukaja na makopo yake. Baada ya miezi minane goti lilikuwa imara kama nguzo, ila aliyesimama juu yake hatukumjua vizuri. Jezi yake ya zamani ilikwama mabegani. Tulimvua watu wawili, tukicheka mpaka Mama akatufukuza sebuleni.

Aliporudi Nairobi, msimu ukiwa bado haujaisha, hakuwa anacheka. Winga mzito ni wa kazi gani? Jioni akapiga simu.

"Kocha amenipima mara mbili. Alidhani mizani imeharibika."

"Amekufukuza?"

"Amenitoa winga. Ameniweka mstari wa mbele wa skramu. Jumamosi nacheza!"

Skramu ni pale wanaume wanane wanapoinama na kusukumana na wanane wengine kama mafahali. Nilimweleza Mama hivyo, nikajuta.

Jumamosi tulibanana watatu mbele ya simu: Mama, Shangazi na mimi. Skramu ya kwanza, wakasukuma. Wapinzani wakarudi nyuma! Shangazi akapiga vigelegele, nami nikapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amefariki. Kisha mtu akamgonga lile lile goti. Akaanguka. Mama akanishika mkono, kucha zikazama. Sekunde moja, mbili, tatu. Akainuka, akatingisha mguu, akaingia tena kwenye rundo la watu, akatoka na mpira huku wawili wakimning'inia mgongoni, akajitupa nyuma ya mstari. Trai!

Mechi ilipoisha akapiga simu, anahema.

"Jumatatu nasaini! Msimu mzima!"

Mama akaninyang'anya simu. "Na goti?"

"Goti gani, Mama?"